Maswali ya Wasomaji: Havdala, Ibada ya Wayahudi ya Kuiaga Sabato

Baada ya toleo lililopita kuchapa makala fupi kuhusu Wayahudi wa Mbale, wanaojulikana kama Abayudaya, wasomaji kadhaa waliandika kuuliza jinsi Sabato inavyotoka, kwa kuwa jinsi inavyoingia wengi wamekwisha kusikia. Barua nimezifupisha bila kubadili maana. Majibu yanafuata Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala na mafundisho ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, pamoja na Shulchan Aruch, kitabu cha sheria alichokiandika Rabi Yosef Karo katika karne ya 16, na pale ambapo marabi wanatofautiana nimejitahidi kusema hivyo waziwazi.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina duka la nafaka mjini Mbale, na jirani yangu wa duka ni Myahudi. Jumamosi hafungui, na hilo nimelizoea. Linalonishangaza ni kwamba hata jua likishazama anabaki barazani akitazama juu, na mteja akimwita hamsogelei. Kisha huingia ndani na familia yake kwa dakika chache, na akitoka huwa tayari kwa kazi. Mke wangu ni Msabato, na kwao jua likizama Sabato imekwisha. Huyu bwana anangoja nini? (Msomaji, Mbale)

JIBU: Marahaba. Jirani yako anangoja nyota tatu. Wayahudi na Wasabato wanakubaliana kwamba siku huanza jioni, kwa kuwa katika habari za uumbaji jioni hutajwa kabla ya asubuhi, na sisi ambao huanza kuhesabu saa za usiku jua linapozama hatuna taabu ya kulielewa hilo. Tofauti iko katika muda ule mfupi uliopo baina ya kuzama kwa jua na giza kamili. Marabi wa Talmudi waliujadili sana muda huo bila kuafikiana kama ni mchana au ni usiku, wakaamua kwamba penye shaka Sabato ipewe haki yake pande zote mbili: Ijumaa iingie kabla jua halijazama, na Jumamosi isitoke mpaka nyota tatu za wastani zionekane angani. Kwa hiyo Sabato ya Kiyahudi huzidi saa 24 na kukaribia saa 25.

Hapa kwetu jambo hili ni jepesi kuliko mahali pengi duniani. Mbale iko karibu sana na mstari wa ikweta, hivyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1 usiku hivi, na giza huingia upesi. Baada ya nusu saa na dakika chache nyota zimekwisha kutoka. Myahudi wa London hana raha hiyo, kwa sababu mwezi Juni Sabato yake hutoka baada ya saa 4 usiku na mwezi Desemba hutoka karibu saa 11 jioni. Wapo pia wanaofuata maoni ya Rabbenu Tam, mwanachuoni wa Ufaransa wa karne ya 12, ambao husubiri dakika 72 baada ya jua kuzama. Ukimwona jirani yako anakawia kuliko Wayahudi wengine wa mjini, huenda ni mmoja wao.

Hata hivyo, kuonekana kwa nyota peke yake hakumpi ruhusa ya kushika mizani. Sheria inamtaka kwanza aitenganishe Sabato na siku za kazi kwa kinywa chake, na jina la ibada hiyo, Havdala, linatokana na kutenganisha huko. Anayesali sala ya jioni huongeza maneno ya kutenganisha ndani ya baraka ya nne, ambayo ni ile ya kuomba maarifa, na Talmudi ya Yerusalemu inaeleza kwa nini yamewekwa hapo: pasipo maarifa, kupambanua kutatoka wapi? Asiyesali, au mwenye haraka, hutamka sentensi moja fupi ya kumbariki Mungu atenganishaye kati ya kilicho kitakatifu na kilicho cha kawaida. Akishatamka hayo anaweza kuwasha taa, kupima maharage na kupokea fedha. Asichoweza bado ni kula wala kunywa chochote isipokuwa maji, mpaka ibada ya kikombe imalizike. Utaona basi kwamba jirani yako angeweza kukuhudumia mapema kidogo, lakini wengi hupenda kumaliza ibada nzima kabla ya kurudi katika shughuli, na nadhani wateja wake waliomzoea hawamlaumu.

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni Mwadventista wa Kasese. Sisi hufunga Sabato kwa nyimbo na maombi, wala hatuna kikombe, manukato au mshumaa. Je, hayo mambo yameandikwa wapi katika Biblia? Au ni mapokeo ya wanadamu? (Mama wa watoto wanne, Kasese)

JIBU: Mama, amri yenyewe inasomwa kutoka Kutoka 20:8: "Ikumbuke siku ya Sabato uitakase." Rabi Musa bin Maimon, aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliifafanua kwamba kuikumbuka ni kuitaja kwa maneno mara mbili, inapoingia na inapotoka. Katika Mambo ya Walawi 10:10 makuhani pia wanaagizwa wapambanue kati ya vitakatifu na visivyo vitakatifu. Zaidi ya hapo hutapata. Kikombe, manukato na moto havimo katika Torati, na Wayahudi wenyewe hawadai kwamba vimo. Wanasema waziwazi kwamba viliwekwa na wahenga wao.

Talmudi, katika mlango wa Berakhot, inaeleza historia yake kwa namna ambayo mimi huipenda kwa sababu haifichi kitu. Watu wa Baraza Kuu, ambao mapokeo huwaweka katika zama za kurudi kutoka uhamisho wa Babeli, walianza kwa kuiweka Havdala ndani ya sala, maana watu walikuwa maskini. Walipopata nafuu ya mali, wakaihamishia kwenye kikombe cha divai. Umaskini uliporudi, ikarudishwa katika sala. Mwishowe wakaamua kwamba hata aliyeisema katika sala aiseme tena juu ya kikombe. Hii ndiyo sababu mpaka leo Myahudi hutenganisha mara mbili usiku mmoja, na wageni hudhani amesahau kwamba alikwisha kufanya hivyo.

Swali lako lina uzito wa pekee hapa Uganda. Semei Kakungulu, yule jemadari wa Kiganda aliyeingia katika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 pamoja na wafuasi wake, aliifikia imani hiyo kwa kuisoma Biblia, na mwanzoni hakuwa na rabi wala Talmudi. Kilichoandikwa walikishika, kilichotunzwa kwa mdomo na katika vitabu vya marabi iliwabidi wajifunze baadaye kutoka kwa Wayahudi wa nje waliofika kwao, kidogo kidogo, na katika miaka ya utawala wa Idi Amin, dini yao ilipopigwa marufuku, iliwabidi kukihifadhi kwa siri. Kwa hiyo ukiiona Havdala ikifanywa leo juu ya Nabugoye, kilima cha Abayudaya karibu na Mbale, unaona jamii iliyoanza mahali ulipo wewe, kwenye aya yenyewe, kisha ikayapokea mapokeo kwa hiari yake. Kama ni sawa kuyapokea au la, hilo ni jambo ambalo makanisa na masinagogi hayajaafikiana, na ukurasa huu hauwezi kuyapatanisha.

SWALI: Nilialikwa na rafiki yangu nikaona wananusa karafuu, wanawasha mshumaa wenye tambi nyingi, kisha wanakunja vidole na kutazama kucha zao. Mwishoni wakauzima mshumaa ndani ya divai, na mmoja akajipaka ile divai kwenye kope. Niseme ukweli, kwetu mambo ya namna hiyo tunayajua kwa jina lingine. Je, si uganga? (Kijana, Soroti)

JIBU: Ndugu yangu, hofu yako naielewa, lakini karibu yote uliyoyaona yana sababu inayoelezeka, na katika hayo moja tu, nitakalolitaja mwisho, ndilo linalokaribia kile unachokiogopa.

Utaratibu ni huu. Kikombe hujazwa divai mpaka kimwagike kidogo kwenye kisahani, kwa kuwa Talmudi inasema nyumba ambamo divai haimwagiki kama maji haijafikia ukamilifu wa baraka. Msomaji hukishika kwa mkono wa kuume, akasoma aya za wokovu kutoka Isaya na Zaburi, kisha akatamka baraka nne kwa mpangilio huu: ya divai, ya manukato, ya moto, na ya nne ambayo ndiyo Havdala yenyewe, inayomsifu Mungu kwa kutenganisha. Ndipo anapokunywa. Mpangilio huo unapanda polepole katika mwili wa mwanadamu, kutoka kinywani hadi puani, kisha machoni na mwishowe akilini, na wafafanuzi kadhaa wamelitaja jambo hilo.

Manukato yanatokana na fundisho la Resh Lakish katika Talmudi, kwamba Mungu humpa mtu roho ya ziada Sabato inapoingia na kuichukua inapotoka. Wafafanuzi wa Zama za Kati wakasema kwamba roho inayobaki huhuzunika, nayo huliwazwa kwa harufu nzuri, kwa kuwa harufu ni starehe ambayo roho huifaidi kuliko mwili. Kitu chochote chenye harufu ya kupendeza kinafaa, mradi kiwe kimewekwa kwa ajili ya kunukia. Karafuu na mdalasini ndizo zinazotumiwa sana ulimwenguni, na Wayahudi wengi wanaozinusa huko Ulaya na Marekani hawafikiri kabisa kwamba karafuu ni mazao ya pwani yetu. Wengine hupendelea tawi la mhadasi au rehani mbichi iliyofikichwa kidogo. Asiye na uwezo wa kunusa, hata akiwa na mafua tu, haisemi baraka hiyo, kwa maana mtu hashukuru kwa asichokipata.

Moto nao ni kumbukumbu. Siku nzima ya Sabato ni marufuku kuwasha moto, kama ilivyoandikwa katika Kutoka 35:3, na tendo la kwanza la juma jipya ni kuuwasha. Talmudi inasimulia kwamba Sabato ya kwanza ilipotoka na giza likaingia, Mungu alimtia Adamu maarifa, akachukua mawe mawili, akayagonganisha, moto ukatoka. Kwa hiyo moto wa Jumamosi usiku hushukuriwa kama kitu kilichogunduliwa usiku huo. Mshumaa hutakiwa uwe na ndimi zaidi ya moja zilizoungana, kwa kuwa baraka yenyewe inataja mianga ya moto kwa wingi. Usidhani lazima uagizwe kutoka ng'ambo. Mishumaa myembamba ya dukani hulegezwa katika maji ya moto kiasi hadi ikubali kupinda, kisha husukwa mitatu mitatu kama nywele kabla haijapoa, na tambi zake zikiachwa zimekaribiana vichwani mwali wake hupanda kwa nguvu hata ukashtuka. Asiye na muda hushika mishumaa miwili ya kawaida na kuzikutanisha ndimi zake, na hiyo yatosha.

Na kucha? Sheria inakataza kuisema baraka ya moto kabla mtu hajafaidika na mwanga wake, na kipimo cha kufaidika, kwa mujibu wa Talmudi, ni kuweza kupambanua sarafu ya mji mmoja na sarafu ya mji mwingine. Kwa kuwa wengi hawana sarafu mkononi wakati huo, na fedha haziguswi siku ya Sabato, desturi ikawa kupambanua kucha na nyama ya kidole. Mtu hukunja vidole vya mkono wa kuume juu ya kiganja, akavisogeza karibu na mwali: kucha hung'aa, kiganja kikabaki katika kivuli cha vidole. Wengine wanaongeza kwamba kucha hukua daima, hivyo ni dalili njema ya juma lijalo. Baadhi ya watu huzima taa za umeme ili mshumaa uonekane kuwa na kazi ya kweli. Umeme ukikatika, jambo la kawaida kwetu, amri hii inatimizwa vizuri zaidi.

Kuhusu kupaka divai kwenye kope, hiyo ni desturi ya upendo kwa amri, inayoegemea aya ya Zaburi ya 19 isemayo kwamba amri ya Bwana huyatia macho nuru. Wapo watu wanaoitia hata mfukoni wakitumaini riziki. Huko ndiko ninakokubaliana nawe kwamba tumetoka katika sheria na kuingia katika bahati, na Myahudi asiyefanya hivyo hajapungukiwa na kitu.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi Myahudi, nasoma Kampala na kukaa hosteli. Divai halali kwetu ni ghali na haipatikani kila mahali, mishumaa imekatazwa vyumbani, na Wayahudi wenzangu wako mbali. Naweza kutumia soda na taa ya simu, au kumsikiliza baba akiisoma kwa simu? Au niache mpaka likizo? (Mwanafunzi, Kampala)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache. Sheria hii ilitungwa na watu waliojua uhaba, na utaona kwamba wamekuachia nafasi kubwa.

Anza kwa kujua kipi ni lazima na kipi si lazima. Shulchan Aruch inasema wazi kwamba mtu asiyekuwa na manukato wala moto hahitaji kuvitafuta. Akivipata atavibariki, asipovipata atasema baraka ya kikombe na ya kutenganisha, na ametimiza wajibu wake. Kwa hiyo kanuni ya hosteli haikuzuii chochote, na nakusihi usiwashe mshumaa kwa siri chini ya chandarua cha mbu kwa jina la dini. Taa ya simu haifai, kwa kuwa haina moto wala kitu kinachowaka. Palikuwa na marabi wa karne ya 20 walioruhusu balbu ya zamani yenye waya unaowaka ukawa mwekundu, na wengine wakakataa; balbu za siku hizi za LED haziingii hata katika mjadala huo. Karafuu chache ndani ya kichupa, kwa upande mwingine, hazina gharama wala hazimuudhi mlinzi wa hosteli.

Sasa kikombe. Divai ya zabibu ndiyo bora, na maji ya zabibu yasiyo na kileo yanafaa sawasawa. Kama vyote viwili vimekushinda, kuna njia ya zamani ambayo naona inafaa sana kwa mazingira yetu: divai ya zabibu kavu. Sheria inaikubali, mradi zabibu ziwe bado na unyevunyevu ndani yake zinapokamuliwa. Zinasagwa au kukatwakatwa, zinalowekwa siku kadhaa, kisha zinakamuliwa na kuchujwa. Muulize rabi wako kuhusu kiasi cha zabibu kwa maji, kwa sababu ikiwa nyepesi mno inakuwa maji yenye rangi. Kikombe kisipungue mililita 86 kwa hesabu ndogo; wenye kushika hesabu kubwa wanataka 150. Unywe sehemu yake iliyo kubwa.

Kisha kuna kile kinachoitwa divai ya nchi, na hapa acha nikusimulie kisa kilichomo katika Talmudi. Mwanachuoni aitwaye Amemar alifika mji fulani Jumamosi usiku, wenyeji hawakuwa na divai, wakamletea pombe. Akaikataa, akalala na njaa. Asubuhi yake wenyeji wakahangaika mpaka wakapata divai, akafanya Havdala ndipo akala. Mwaka uliofuata akaja tena, na mambo yakawa yaleyale: hakuna divai, ni pombe tu. Safari hii akasema, kama ni hivyo basi pombe ndiyo divai ya nchi hii, akaifanyia Havdala. Kutokana na kisa hicho ikawa sheria kwamba mahali ambapo divai ni adimu, kinywaji chenye heshima kinachonywewa na watu wa mahali hapo kinatosha kwa Havdala, ingawa hakitoshi kwa ibada ya kuingiza Sabato Ijumaa usiku kwa kanuni hizohizo.

Je, soda ni kinywaji cha heshima? Mtu wa Uganda atashangaa kuulizwa, maana hapa mgeni asipoletewa soda atahesabu kwamba hakukaribishwa. Hata hivyo marabi wengi wa zama zetu wameikataa, wakisema soda hunywewa kukata kiu kama maji, na kinywaji cha Havdala kinapaswa kuwa kile ambacho mtu hukinywa hata kama hana kiu. Kwa kipimo hicho bia inakubalika na wengi. Chai na kahawa zinakubaliwa na wengi pia, hasa kwa asiyekunywa kileo. Tonto ya ndizi na malwa ya ulezi zina hoja nzuri ya kuitwa divai ya nchi katika sehemu zinakonywewa kwenye karamu, lakini zina maswali ya usafi wa vyombo na vitu vinavyochanganywa, kwa hiyo usijitolee hukumu mwenyewe. Kama ni mimi niko chumbani kwako, na sina divai wala zabibu, ningetengeneza kikombe cha chai nzuri, kisiwe cha moto kiasi cha kushindwa kukinywa kwa mkupuo, nikakibariki kwa baraka ya vinywaji vingine badala ya ile ya mzabibu.

Kumsikiliza baba yako kwa simu ni jambo jema la kutia moyo, lakini marabi wengi hawalihesabu kuwa ni kutimiza wajibu, kwa kuwa unachokisikia ni sauti ya chombo. Ukiwa na kikombe chako mwenyewe mkononi, semeni pamoja.

SWALI: Mimi ni binti, naishi na mama yangu na wadogo zangu. Baba hayupo. Nimeambiwa mwanamke hafanyi Havdala na akinywa ile divai ataota ndevu. Kuna ukweli? (Msomaji wa kike, Namutumba)

JIBU: Habari ya ndevu ni utani wa zamani wa wazee, mwanangu, na haina msingi katika sheria. Ipo desturi ya kweli kwamba wanawake hawaionji divai ya Havdala wanapokuwa na mwanamume wa kuinywa, lakini ni desturi tu. Kuhusu wajibu wenyewe, Shulchan Aruch inasema wanawake wanawajibika kama wanaume, ikataja pia wenye maoni tofauti. Rabi Moshe Isserles wa Poland akashauri kwa sababu hiyo wasikilize kwa wanaume. Waliokuja baada yake wakaamua kwamba mwanamke asiye na wa kumsomea ajisomee mwenyewe na anywe. Katika mkondo wa Masorti, ambao ndio ulioiongoza jamii ya Nabugoye na ambao chuo chake huko Los Angeles kilimpa Gershom Sizomu, mmoja wa jamii hiyo, urabi mwaka 2008, hakuna tofauti kabisa ya mwanamke na mwanamume katika hili. Soma, kunywa, na uwape wadogo zako manukato wanuse. Mmoja wao ashike mshumaa; zamani msichana aliambiwa auinue hadi urefu anaoutaka kwa bwana harusi wake, na watoto hulifurahia sana.

SWALI: Nimesoma kwamba katika baraka hiyo wanamsifu Mungu kwa kutenganisha "kati ya Israeli na mataifa", na hapohapo wanataja nuru na giza. Maana yake sisi wengine ni giza? Nimeudhika kidogo. (Mwalimu wa shule ya msingi, Jinja)

JIBU: Una haki ya kuuliza. Maneno yanataja jozi nne: kitakatifu na cha kawaida, nuru na giza, Israeli na mataifa, siku ya 7 na siku 6 za kazi. Zikipangwa hivyo, msikilizaji anaweza kuzisoma kwa wima na kuweka mataifa chini ya giza. Lakini hebu itazame jozi ya mwisho. Siku 6 za kazi si siku mbaya. Torati inaagiza kazi ifanywe ndani yake. Giza nalo katika Mwanzo halikuondolewa, bali lilipewa wakati wake na kuitwa usiku. Kwa hiyo mimi naisoma baraka hii kuwa ni ya kutaja mipaka, na sidhani kwamba inatoa daraja. Msingi wake ni Mambo ya Walawi 20:26, ambapo Mungu anasema amewatenga Israeli na mataifa wawe wake, yaani wachukue amri ambazo wengine hawakuamriwa.

Hata hivyo si wewe pekee uliyeudhika. Mkondo mmoja wa Kiyahudi wa Marekani, ule wa Rabi Mordecai Kaplan, uliyafuta maneno hayo kabisa kutoka katika vitabu vyake vya sala katika karne ya 20. Mikondo mingine imeyabakiza. Kwa upande wangu naona kwamba mpaka huo una mlango, na hapa Uganda tuna ushahidi wa karibu: wazee walioyatamka maneno hayo kwa mara ya kwanza karibu na Mbale walikuwa, muda mfupi kabla yake, miongoni mwa hayo mataifa.

SWALI: Wakati mwingine Jumamosi usiku nakuwa ndani ya basi, nafika Jumapili asubuhi. Nimekwisha kuchelewa? (Msafiri, Mbale)

JIBU: Hujachelewa. Unaweza kufanya Havdala mpaka jua la Jumanne linapozama, kwa kuwa siku tatu za mwanzo wa juma huhesabiwa kuwa zinaifuata Sabato iliyopita, na siku tatu za mwisho zinaitangulia ijayo. Ila ukiifanya baada ya usiku wa Jumamosi, acha manukato na moto, maana vyote viwili ni vya usiku ule tu. Sema baraka ya kikombe na baraka ya kutenganisha. Ukiwa bado stendi nyota zikitoka, tamka ile sentensi fupi niliyoitaja katika jibu la kwanza kabla ya kulipa nauli, na ujizuie kula hadi utakapopata kikombe, kama mwili unaruhusu. Kama ulikula kwa kusahau, Havdala bado iko juu yako.

Kalenda ina nyakati chache zinazobadilisha utaratibu huu. Sikukuu ikianza Jumamosi usiku, Havdala huunganishwa na utakaso wa sikukuu katika kikombe kimoja, bila manukato. Mfungo wa tarehe 9 ya mwezi Av wa kalenda ya Kiyahudi, wa kuomboleza Hekalu, ukiangukia Jumapili, Jumamosi usiku hubarikiwa moto peke yake, na kikombe hungojea mpaka mfungo utoke Jumapili jioni. Siku ya Upatanisho ikitoka katikati ya juma, moto unaobarikiwa lazima utokane na taa iliyokuwa ikiwaka tangu kabla ya mfungo kuanza, kwa hiyo wanaojua huweka taa ya mafuta ya kutosha pembeni mapema, kabla ya kwenda sinagogi.